Mawaidha ya Fundi Baiskeli kwa Mpwa Wake

9 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka. Mama anasema hata yeye humpokelei, ila anaapa kwamba siku moja ulipokea, ukasema "fundi hayupo", ukakata, na sauti ilikuwa yako ile ile. Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua lakini mdomo ni mzima. Kaka mkubwa amehama nyumba kwa mara ya tatu na bado anasema majirani ndio wabaya. Kaka mdogo kapata mtoto wa pili, ana masikio yako. Tunamwombea.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Hapa masijala ya ardhi alikuja daktari kutupima. Mkuu wetu wa idara alikutwa na presha ya kutosha kujaza tairi la lori. Kesho yake akatangaza kwamba ofisi nzima itaanzisha chama cha baiskeli, akauliza ni nani mwenye ujuzi. Mimi nikasema, na ni kweli tupu, kwamba nimekulia kwenye karakana ya mjomba wangu. Kabla sijafunga mdomo nilikuwa mwenyekiti. Safari ya kwanza kubwa ni Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita, kilomita arobaini, kwenda bwawani na kurudi. Mwenyekiti ndiye anayetangulia mbele.

Kwa hiyo nipe mawaidha ya mtu anayeendesha kwa kujifurahisha. Ya kuziba pancha na kunyoosha rimu ninayo, ulinipa mwenyewe. Nataka yale ya kukaa juu.

Mpwa wako,
Spoki (bado mwembamba, waambie wanaouliza)


24 Februari

Spoki,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba siku ile fundi kweli hakuwepo. Aliyepokea ni mtu aliyefanana naye sauti. Hapa tu wazima. Mashine ya kusaga ya jirani iliharibika wiki nzima, kukawa kimya, nikaanza kuyasikia mawazo yangu mwenyewe. Sikuyapenda. Namshukuru Mungu imetengenezwa.

Nimecheka mpaka nikaangusha spana. Watu wa masijala kwenye baiskeli! Watu ambao faili likiwa chumba cha pili wanasubiri lije lenyewe! Haya, kuuliza si ujinga. Sikiliza.

Kwanza kiti. Kaa juu, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila kujivuta, kiti kiko sawa. Kuna karani wa mahakama hapa alikuwa akiendesha magoti yakimgonga kidevu, miaka miwili analaumu baiskeli. Kaletwa kwangu akitembea kama kaa. Nilipandisha kiti vidole vinne, akapona.

Pili upepo. Usipige tairi teke, tairi si mbuzi. Libonye kwa dole gumba kabla ya kutoka, kila safari. Likibonyea kama andazi, jaza. Muuza maziwa mmoja aliona uvivu kujaza, akapita kwenye shimo, rimu ikawa na umbo la yai.

Tatu, mguu wa suruali upande wa cheni uufunge, na mtandio uache nyumbani. Cheni haina adabu, inakula chochote. Siwezi kukuandikia nguo ambazo nimezitoa humo kwa koleo, nyingine zina wenyewe na wana heshima zao.

Nne, maji unywe kabla ya kiu. Ukingoja kiu umeshachelewa. Na mtu asianze na kilomita arobaini. Aanze na tano, alale, aone anaamkaje.

Mwambie mkuu wako kwamba presha ya tairi na ya kwake zote hupimwa kabla ya safari.

Mjomba


15 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chai, wakapiga makofi. Mama amesema huyo mtu mwenye sauti yako amsalimie fundi akimwona.

Chama kinaendelea. Mkuu amenunua baiskeli yenye giya ishirini na saba, na anatumia moja, ile iliyokuwepo ilipotoka dukani. Amenunua na kaptula ya kubana. Mjomba, inabana kiasi kwamba tukimtazama tunajua alikula nini. Mhasibu amefunga kwenye usukani vioo viwili, kengele, honi na kishikio cha kikombe, kwa hiyo baiskeli yake inakwenda pole pole kama duka linalohama. Kila Jumapili asubuhi tunakutana nyuma ya jengo la masijala. Mimi kama mwenyekiti nasimamia. Nimewapandishia viti wote kwa kisigino, na karani wa ramani amesema mgongo umeacha kumuuma. Sifa zako zimejaa jengo zima.

Nina maswali machache. Mtu akitaka kusimama, ashike breki ipi kwanza? Akikata kona afanyeje? Na pale mwanzo kabisa, anapoondoka, mguu upi unaanza, na macho yanaangalia wapi? Nauliza kwa niaba ya wanachama wapya.

Spoki


2 Aprili

Spoki,

Hatujambo. Mvua imeingia karakanani, nimehamisha meza. Salamu zote zimefika.

Nijibu maswali ya hao wanachama wapya. Breki washike zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo. Mwalimu wa hesabu wa hapa alishika ya mbele peke yake akiteremka mlima, baiskeli ikasimama, yeye akaendelea. Kona, wapunguze mwendo kabla ya kuifikia. Aliyekwisha kuingia kona hana tena la kupunguza, hasa penye mchanga. Kuondoka, pedali moja iwe juu kidogo mbele, waikanyage kwa uzito wote, na macho yaende mbali, kule wanakokwenda. Mtu akilikodolea shimo macho ataliingia. Mikono isikaze usukani kama anayekaba mwizi. Viwiko vilegee.

Sasa tuje kwako. Miaka hamsini wateja wanasimama mbele ya meza yangu. Kila mtu anayeanza baiskeli ukubwani, awe padri, awe polisi, neno lake la kwanza ni moja: matako yanauma. Halafu ndipo yafuate magoti na kiti na mengine. Wewe umeniandikia barua mbili ndefu, na matako hayajatajwa hata mara moja. Umeandika ya kaptula ya mkuu na kikombe cha mhasibu. "Nasimamia." Nyoka gani huyo anayesimamia wenzake kutambaa?

Spoki, uliweza kunyoosha rimu ukiwa na miaka tisa, kwa sikio tu, bila kuangalia. Leo unaniuliza mguu upi unaanza? Hujui kupanda baiskeli. Hujui kabisa! Wamemchagua asiyejua awaongoze wasioweza, na safari ni kilomita arobaini. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, yako haifiki hata bwawani.

Nimecheka siku mbili. Bwana wa mashine ya kusaga amekuja kuniuliza kama nimepata urithi.

Mjomba


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, kaka hawajambo, mtoto hajambo, masikio yanazidi kukua.

Ndiyo. Sijui. Mficha uchi hazai, basi nimejifunua. Nina miaka thelathini na tisa, naweza kufumua baiskeli nzima na kuirudisha bila kubaki na hata nati moja mkononi, na sijawahi kukaa juu yake ikaenda hatua kumi. Umeshacheka? Cheka, nasubiri.

Umemaliza? Sasa nikuulize mimi. Kwa nini sijui?

Umesahau, lakini mimi sijasahau. Ilikuwa likizo. Nilikuwa nimenyoosha rimu ya nyuma ya baiskeli ya posta, nimeizungusha, imekwenda kimya, na ukanisifu mbele ya watu. Nikajiona mkubwa. Nikasema, "Mjomba, na mimi nifundishe kupanda." Wateja walikuwa wanne au watano kwenye benchi. Ukasema, "Baiskeli si ya wasichana. Wewe shika pampu." Wakacheka wote. Nikashika pampu. Nilijaza tairi lile huku nalia, na ukaniona.

Kaka zangu walijua kupanda likizo ile ile, palepale kwako. Mmoja hata kamba za viatu nilikuwa namfunga mimi! Wao walistahili, mimi nilistahili pampu. Mpaka leo nikiona msichana yuko juu ya baiskeli naona kama amevunja sheria fulani ambayo mimi niliitii. Hilo ulinifanyia wewe, mtu niliyempenda kuliko wote katika ukoo huu, na sijawahi kukwambia kwa sababu sikutaka kusikia jibu.

Sasa nalitaka.

Mpwa wako


12 Mei

Spoki,

Barua yako nimeipata. Nilikuwa na kazi nyingi, na mikono ilikuwa na grisi.

Usisahau cheni. Ipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo utie oili, tone moja kila kiungo, kisha upanguse tena. Oili ya juu juu hukamata mchanga, na mchanga hula meno. Watu wengi wanaimwagia tu kama ndimu kwenye kachumbari. Na safarini kila mmoja abebe tyubu ya akiba, vyuma viwili vya kutolea tairi na pampu.

Mvua imepungua.

Mjomba


19 Mei

Mjomba,

Nimekuuliza habari ya moyo wangu, umenijibu habari ya cheni. Ahsante. Nimeipangusa.

Imebaki wiki mbili. Mama mlinzi wa geti letu ameniona nikiizunguka baiskeli kila asubuhi kama mtu anayekagua gari la kununua. Akaniuliza, nikamwambia. Hakucheka. Kila siku kabla ofisi haijafunguliwa ananishika mgongo, ananisukuma kwenye ua nyuma ya jengo, anapiga kelele, "Kanyaga, mama, kanyaga!" Hana maelezo mengine. Hajui kiti kikae vipi wala upepo ujazwe mpaka wapi. Jumatano nilikwenda kutoka geti mpaka kwenye pipa la taka peke yangu. Niligonga pipa. Wewe na mawaidha yako yote, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Jana, nikiwa napaka goti dawa, nimejiuliza jambo. Umenitajia karani wa mahakama, muuza maziwa, mwalimu wa hesabu, padri na polisi. Wewe mwenyewe hujajitaja. Ulijifunzia wapi? Ulianguka wapi? Ni nani aliyekushika mgongo? Nitajie jina lake, labda nimwandikie yeye, atanijibu.

Spoki


28 Mei

Spoki,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimewashia jiko.

Hakuna aliyenishika mgongo. Sijui kupanda.

Usome tena, maana najua umerudi nyuma kuhakikisha. Mjomba wako, fundi baiskeli, miaka hamsini, hajui kupanda baiskeli. Mganga hajigangi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipokwenda kuomba kazi kwa fundi aliyenifundisha. Aliniuliza kama najua kupanda. Nikasema ndiyo, nikiwaza nitajifunza Jumapili. Jumapili ile barabara ilikuwa na watu. Na iliyofuata. Baada ya mwaka nilikuwa fundi mzuri kiasi kwamba kuonekana naanguka kungekuwa habari ya mji mzima. Baada ya miaka kumi nilikuwa na karakana yangu. Nani angejifunza tena? Hujawahi kujiuliza kwa nini ninajaribu baiskeli za wateja kwa kuzisukuma kwa miguu? Ninawaambia nasikiliza gololi za ndani ya magurudumu. Wananisifu kwa masikio yangu. Hayo masikio mnayomwombea mtoto wa watu yamenificha miaka yote.

Mawaidha yangu yote nimeyatoa kwenye vyuma vilivyovunjika. Baiskeli ikiletwa nasoma pale ilipoumia, najua mwenyewe alikosea wapi. Barabara siijui, nazijua ajali. Kaka zako sikuwafundisha mimi. Walikuwa wanaiba baiskeli za wateja nikienda kula. Niliporudi nikawakuta wanajua, nikachukua sifa.

Wewe hukuiba. Uliniomba. Mbele ya watu, kwa heshima, kama unavyoomba kila kitu. Ningekwambiaje? Lilinijia jibu la kwanza ambalo lisingemfanya mtu yeyote kwenye benchi lile aulize zaidi. Nalikumbuka neno kwa neno. Nilikuona unalia, nikageuka nikatafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Ulistahili kuliko wote. Ndiyo jibu ulilokuwa unaogopa kulisikia.

Wewe nenda bwawani. Macho mbali, viwiko vilegee. Au msikilize mama mlinzi, yeye anajua zaidi.

Mjomba


9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Sijamwambia.

Tulikwenda. Nilitangulia mbele mita thelathini, nikaangukia kwenye maua ya mbele ya ofisi, na pale pale, nikiwa bado nimekaa ndani ya maua, nikawaambia wanachama kwamba mwenyekiti wao ana majuma manne tu tangu aguse pedali. Mwanachama mmoja mpya akasema yeye ana matatu. Mhasibu alipoteza kikombe kilomita ya sita akatulazimisha kurudi kukitafuta. Mkuu wa idara alifika bwawani akalala chini ya baiskeli yake, akarudi juu ya gari la kubeba nyasi, akipunga mkono kama mgeni wa heshima. Mimi nilirudi kwa baiskeli, Mjomba. Wa mwisho, goti limechubuka, ila kilomita zote arobaini nilizikanyaga mimi. Nililia tena, lakini safari hii kwa furaha na kwa upepo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kwanza nilicheka, siwezi kukudanganya. Fundi anayesukuma baiskeli za watu mji mzima akijifanya daktari wa gololi! Halafu hasira ikarudi, kubwa kuliko ya kwanza. Ungekuwa uliamini ulichokisema, ningesema ni mtu wa kale, basi. Kumbe hukuamini hata wewe. Ulinitwisha mzigo wa aibu yako, mtoto wa miaka tisa, nikaubeba miaka thelathini nikidhani ni wangu.

Nakupenda. Kukusamehe bado. Na nina sharti moja. Lile neno ulilisema mbele ya wateja. Ukalifute mbele ya wateja, kwa mdomo wako, benchi likiwa limejaa. Kuniandikia mimi kwa siri haitoshi. Ukishafanya hivyo, niandikie.

Spoki


30 Juni

Spoki,

Imenichukua majuma matatu. Kila siku nilikuta benchi halijajaa vya kutosha, au limejaa kupita kiasi.

Jumamosi walikuwa saba. Mwalimu wa hesabu, muuza maziwa, karani wa mahakama, bwana wa mashine ya kusaga aliyekuja kuomba grisi, na wengine watatu unaowajua kwa sura. Nikaweka spana chini. Nikasema, "Jamani, nina neno." Wakanyamaza, wakidhani napandisha bei. Nikawaambia kwamba zamani mpwa wangu aliniomba nimfundishe baiskeli, nami nikamjibu kwamba baiskeli si ya wasichana. Nikasema ule ulikuwa uongo. Nilisema vile kwa sababu mimi mwenyewe sijui kupanda, sijawahi kujua, na niliona aibu mbele yenu.

Nikangoja wacheke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko tangu nina miaka kumi na mitano, Spoki.

Hakuna aliyecheka. Walitazamana. Mwalimu wa hesabu akakohoa. Bwana wa mashine akasema, "Fundi, hilo nalo ni la kututangazia? Sisi tunajua."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani, yeye alilisikia kwa baba yake. Muuza maziwa akasema, "Mtu mzima anasukuma baiskeli nzima mpaka kwenye harusi yake mwenyewe, unadhani tulifikiri nini?" Karani akasema hata yule fundi mzee aliyeniajiri alijua siku ile ile, kwa jinsi nilivyoshika usukani, na ndiye aliyewakataza watu wasinitanie. Wakaachiana hilo jambo, baba kwa mwana, kunitunzia heshima. Siku ile ulipoomba, wale waliokuwa kwenye benchi walicheka haraka ili nisiaibike mimi.

Nilikaa chini. Mwalimu aliniletea maji.

Nisamehe, mwanangu, ukiweza. Usiharakishe. Nimefikiri usiku na mchana na hesabu yake hainitoki. Mji wote ulijua. Ule uongo haukumdanganya mtu hata mmoja pale karakanani, isipokuwa msichana wa miaka tisa, naye aliniamini.

Mimi, nitembeaye kwa miguu,
Mjomba wako